Mwigizaji Akivaa Sare ya Polisi Barabarani, Sheria Inasemaje?

Msomaji ameuliza hivi: "Kikundi chetu cha maigizo kinatengeneza filamu fupi. Sini mbili zitarekodiwa barabarani, na mwenzetu mmoja atavaa sare ya polisi. Shati na suruali tumezipata kwenye mitumba, nembo tutashona wenyewe. Hatuna nia ya kumdanganya mtu yeyote. Je, kuvaa tu sare hiyo ni kosa? Na tufanye nini tusije tukajikuta mahabusu?"

Jibu fupi ni kwamba ndiyo, katika nchi nyingi kuvaa tu kunaweza kuwa kosa, na kauli ya "sikuwa na nia mbaya" haitoshi kukuokoa kila mahali. Sheria nyingi zimewaachia waigizaji mlango, lakini mlango huo ni mwembamba kuliko watu wa filamu wanavyodhani, na barabarani ndipo unapobana zaidi. Ili uone unapita wapi, inabidi kwanza tutenganishe makosa ambayo watu huyaweka kapu moja.

Kosa la kwanza ni kujifanya askari. La pili ni kuvaa sare, au nguo inayofanana nayo. La tatu ni kukutwa na sare au kifaa cha askari bila sababu halali. La nne ni kutengeneza au kuuza. Mtu anaweza kushtakiwa kwa moja bila mengine, au kwa yote kwa pamoja. Sheria ya Polisi ya Uingereza ya 1996, kifungu cha 90, inaonyesha mgawanyo huu vizuri kwa sababu imeyapanga matatu ya mwanzo mahali pamoja na kuyapa uzito tofauti: kujifanya askari kwa nia ya kudanganya kunaweza kukupeleka jela hadi miezi 6; kuvaa kipande cha sare kwa namna inayoweza kudanganya ni kosa la faini; na kukutwa nacho tu pia ni kosa la faini, ndogo zaidi. Katika hilo la mwisho, wewe uliyekutwa nacho ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba ulikipata kihalali na una matumizi halali. Shika hilo, tutalirudia tukifika kwenye nguo zenu za mitumba.

Tuanze na kujifanya askari, maana ndilo lenye adhabu kubwa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 105, inamlenga mtu anayejitambulisha kwa uongo kuwa mtumishi wa umma kisha akafanya, au akaenda mahali ili afanye, tendo la mtumishi huyo. Adhabu yake ni kifungo hadi miaka 3. Tanzania ina kifungu cha 100 cha Kanuni ya Adhabu kwa kosa hilohilo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inasema karibu hivyohivyo kwa anayejifanya ofisa wa serikali kuu: ajifanye, kisha atende kama ofisa au adai kitu kwa jina hilo, na adhabu ni hadi miaka 3. Ufaransa ni hadi miaka 3 na faini ya euro 45,000. Kanada inafika hadi miaka 5.

Katika sheria nyingi za aina hii, uzito umewekwa kwenye tendo. Sare si lazima. Aliyevaa fulana na kandambili akisimamisha gari na kusema "leta leseni" ameshaingia. Kinyume chake, mwenzenu aliyesimama kimya ndani ya kamba ya eneo la kurekodia, mbele ya kamera, hajatenda kitu cha kiaskari kwa mtu yeyote wa nje. Lakini angalia jinsi inavyoharibika. Mnasubiri mwanga ukae sawa. Gari linakuja na kuingia kwenye fremu. Mwongozaji anapiga kelele, "Msimamishe huyo!" Mwigizaji aliyevaa sare anainua kiganja, dereva anakanyaga breki, anazima redio, anashusha kioo na kuanza kutafuta leseni. Sekunde zile tano hazikuwa maigizo. Raia ametii amri ya askari asiyekuwepo. Ukiniuliza jambo moja la kukataza kwenye eneo lenu hata kama mengine yote yatawashinda, ni hili: aliyevaa sare hamwelekezi mtu yeyote wa nje ya kikundi, hata kumwambia "pita huku mama".

Sasa kuvaa kwenyewe. Hapa nchi hazifanani, na tofauti kubwa iko kwenye nia. India inataka nia: kuvaa vazi au kubeba alama ya mtumishi wa umma ni kosa pale mtu anapotaka, au anapojua, kwamba wengine wataamini yeye ni mtumishi huyo. Hilo lilikuwa kifungu cha 171 cha kanuni ya zamani, na tangu Julai 2024 liko kifungu cha 205 cha kanuni mpya. California nayo inataka kusudi la kudanganya. Uingereza ni kali zaidi. Maneno ya sheria yanasomeka kana kwamba mvaaji lazima awe amepanga kudanganya, lakini mahakama iliamua mwaka 1972 kwamba maana yake ni mwonekano unaoweza kudanganya. Swali si ulitaka nini. Swali ni anayekuona angeamini nini. Ujerumani inaadhibu kuvaa bila haki sare za serikali, za kwake na za nchi za nje pia, pamoja na zile zinazofanana nazo kiasi cha kuchanganya watu, hadi mwaka 1. Kwa hiyo wazo la "tutatumia sare ya polisi wa nchi ya mbali" halisaidii kila mahali.

Kifungu cha 184 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinafuata mkondo wa Uingereza: raia kuvaa bila kibali sare ya jeshi au polisi, au vazi lenye sura au alama bainishi za sare hiyo, ni kosa. Neno la kushika ni hilo la alama bainishi. Rangi ya bluu haina mwenyewe. Suruali nyeusi haina mwenyewe. Kinachobadilisha nguo kuwa sare ni mkusanyiko: kofia yenye nembo, tepe za cheo mkononi au alama za cheo mabegani, mkanda wenye pingu, kibao cha jina na namba kifuani. Mtu anayepita hasomi nembo. Anatazama mara moja kwa mbali, anaona kofia, mabega na mkanda, akili yake inamaliza mengine. Ndiyo maana watu wengi hukwama kwa kudhani kwamba kubadilisha herufi moja kwenye nembo kunatosha. Hakutoshi. Ukitaka vazi lako litofautiane, litofautiane hatua 20 mbali, siyo kwenye herufi.

Kabla ya kuja kwenye mlango wa waigizaji, niseme kwa nini sheria zinabana hivi, kwa sababu ofisa atakayesoma barua yenu anayafikiria haya. Oktoba 1906 huko Köpenick, Ujerumani, fundi viatu aliyewahi kufungwa, Wilhelm Voigt, alikusanya vipande vya sare kuukuu kutoka maduka mbalimbali, akawa kapteni. Aliwasimamisha askari halisi barabarani, wakamfuata, akamkamata meya na kuondoka na fedha za manispaa. Nguo ilitosha. Alihukumiwa miaka 4, akasamehewa na Kaizari mwaka 1908, na watu wakacheka. Machi 1990 huko Boston hakuna aliyecheka: watu wawili waliovaa kipolisi waligonga mlango wa jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner usiku, wakafunguliwa, wakawafunga walinzi na kubeba kazi 13 za sanaa ambazo hazijarudi. Na Aprili 2020 huko Nova Scotia, Kanada, muuaji aliyekuwa na sare ya polisi na gari lililopakwa rangi na kubandikwa nembo likafanana kabisa na la polisi aliua watu 22. Baada ya hapo jimbo lile lilitunga sheria maalumu ya kudhibiti sare, vifaa na magari ya polisi. Vipande vile vile mnavyokusanya ninyi kwa ajili ya sini mbili ndivyo vilivyotumika huko, na askari wa doria hawezi kujua nia yenu kwa kutazama.

Sasa mlango wenyewe. Mwaka 1894 Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia raia kuvaa sare za kijeshi, ikaweka kando michezo ya jukwaani inayofanyika mahali panaporuhusiwa kisheria, maonyesho ya muziki na sarakasi, na maigizo halisi ya kijeshi. Lugha hiyo ilisafiri hadi kwenye kanuni za adhabu za makoloni, na kifungu cha 184 cha Kenya bado kinaibeba. Isome polepole. Inazungumzia mchezo wa jukwaani, tena mahali ambapo michezo hiyo inaruhusiwa kuonyeshwa. Filamu ya barabarani haikuwa akilini mwa waandishi wale. Wakili mzuri anaweza kujenga hoja kwamba filamu imo ndani ya roho ya msamaha huo, lakini hoja hujengwa mahakamani, baada ya mwenzenu kulala ndani. Pia msamaha unamfunika mwigizaji wakati anaigiza. Haumfuniki akienda kununua maji dukani, akipanda pikipiki kurudi nyumbani, wala akijipiga picha kituo cha basi.

Marekani ilikwenda mbali zaidi kulinda waigizaji. Mwaka 1967 kijana aliigiza mchezo mfupi wa kupinga vita vya Vietnam akiwa na sare ya jeshi, nje ya kituo cha kuandikisha askari huko Houston. Sheria ilimruhusu mwigizaji kuvaa sare, mradi igizo lisilishushie jeshi heshima. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1970, katika kesi ya Schacht, kwamba sharti hilo la heshima linakiuka uhuru wa kujieleza. Msije mkalichukua hilo kama ngao kila mahali, kwa sababu kuna nchi ambazo kuvaa sare kwa namna ya kuidhalilisha bado ni kosa linalojitegemea. Kama askari wenu kwenye filamu ni mla rushwa au mlevi, semeni hivyo waziwazi mnapoomba kibali. Muswada wa filamu ukifichwa halafu ofisa akauona kwenye simu ya mtu, kibali kinafutwa, na mara ya pili hampati.

Njia salama basi ni kibali cha maandishi, na kiwe cha pande mbili: mamlaka inayosimamia filamu, na jeshi la polisi lenyewe. Kibali cha kurekodi filamu hakimaanishi kibali cha sare. Mtu anaweza kukamatwa akiwa na cha kwanza mkononi. Barua yenu itaje jina la kazi na muhtasari wa sini hizo mbili, tarehe na saa za kuanza na kumaliza, mahali hasa, idadi ya watakaovaa, orodha ya kila kipande kuanzia kofia hadi mkanda, kama kuna silaha ya bandia au gari, na mtu mmoja anayewajibika pamoja na namba yake ya simu. Ambatisheni picha ya vazi, mbele na nyuma. Picha hiyo inaokoa muda kuliko maneno, kwa sababu ofisa anaweza kusema "toeni hizi tepe, mengine sawa". Ombeni mapema, na mkipewa, pelekeni nakala kituo cha polisi kilicho karibu na mtakaporekodi. Asubuhi ya siku yenyewe pigeni simu hapo tena: aliyepokea nakala wiki iliyopita huenda si wa zamu leo, na doria ikipigiwa simu na wananchi inatoka bila kujua lolote.

Kuhusu nguo, ushauri wangu ni kubuni jeshi lenu. Lipeni jina la mji usiokuwepo, rangi isiyo ya polisi wa nchi yenu, nembo ya kwenu kabisa. Msitumie nembo ya taifa kwa namna yoyote, maana hiyo mara nyingi inalindwa na sheria yake peke yake. Namba ya kifuani iwe ya kubuni, tena kwa mpangilio usiotumiwa na polisi halisi, ili usije ukaangukia namba ya askari aliyepo. Nembo na vibao msivishone. Vibandikeni kwa velkro (utepe wa kunata unaobandika na kubanduka) au pini. Vinabanduliwa dakika sini inapokwisha, na shati linabaki shati.

Hapo ndipo nguo za mitumba zinaponitia wasiwasi. Zikagueni ndani ya kola na kwenye mshono wa kiuno. Kama kuna muhuri wa ghala la serikali au namba ya askari, hiyo si nguo ya kawaida, hata kama uliilipia na una risiti. Sare mara nyingi hubaki mali ya serikali, na askari anayestaafu hutakiwa kuirudisha. Kenya ina kifungu cha 324 kinachohusu kukutwa na mali ya ghala la umma inayoshukiwa kupatikana isivyo halali, na mashtaka hayo hayajali filamu yako. Nguo yenye alama hizo isalimisheni kituoni kwa maandishi, mtafute nyingine. Msikubali pia "msaada" wa askari rafiki anayetaka kuwaazima sare yake. Mnamwingiza kwenye kosa la kinidhamu na ninyi kwenye swali la mliipataje. California wauzaji wa sare zenye jina la kikosi wanatakiwa wahakikishe mnunuzi ni mwajiriwa wa kikosi hicho, isipokuwa vazi ni la filamu au igizo tu na kikosi chenyewe kimeruhusu kwa maandishi. Hata pale penye uhuru mkubwa wa filamu, unaona, karatasi bado inadaiwa.

Na kama vazi mnalotaka ni kombati za jeshi, jibu linakuwa gumu zaidi. Barbados, Jamaika na Zimbabwe zinakataza raia kuvaa nguo za madoadoa ya kijeshi, hata zile za mitindo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare zake na mavazi yanayofanana nazo. Badilisheni mhusika kama inawezekana.

Siku ya kurekodi, mtu mmoja apewe kazi ya mavazi, asiwe na kazi nyingine. Awe na daftari: nani kachukua kipande gani, saa ngapi, kakirudisha saa ngapi. Vazi lisafirishwe ndani ya begi, nembo kwenye bahasha tofauti. Mwigizaji avalie ndani ya eneo, na kila mara kamera inapozimwa kwa zaidi ya dakika chache avae koti refu juu na kuvua kofia. Chakula cha mchana kiliwe bila sare. Eneo lizungushiwe utepe, kibao cha "tunarekodi filamu" kikae pande zote mbili za barabara, na wanaozuia magari wawe askari halisi mlioomba, au watu wenu wenye vizibao vinavyong'aa visivyo na alama yoyote.

Gari likitumika, nembo ziwe za sumaku na zibandikwe likiwa limesimama mahali pake. Halitembei barabara ya umma nazo. Taa za kimulimuli chomoeni waya, na king'ora kiingizwe kwenye uhariri wa sauti, kwa sababu kutumia taa na king'ora ni kosa jingine la sheria za barabarani. Bunduki ya bandia ina sheria yake na hatari yake: askari wa doria akimwona mtu ana kitu hicho ana sekunde chache za kuamua. Kwenye filamu fupi, pochi tupu ya bastola kiunoni inatosha kabisa.

Doria ikifika, kazi inasimama pale pale. Mwigizaji anatoka kwenye uhusika, anaacha mikono ionekane, haweki mkono kiunoni wala mfukoni, na hasemi neno la utani. Mwongozaji ndiye anayekwenda na barua halisi, sio picha kwenye simu. Wakisema mwende kituoni, nendeni. Mtoe majina, muulize kosa linalodaiwa ni lipi, na msiandike maelezo ya onyo (yale ya mshukiwa yanayoweza kutumika mahakamani) kabla ya kuzungumza na wakili. Msijitetee kwa kusema "ni mzaha tu". Video za mzaha, ambapo mpita njia anatishwa na askari bandia ili achekwe mtandaoni, hazina msamaha wa maigizo hata kidogo: anayetishwa hajui kwamba ni igizo, na kumfanya aamini ndilo kosa lenyewe. Nazichukia video hizo kwa moyo wote. Zimewafanya maofisa wengi kutowaamini waigizaji wa kweli.

Mkimaliza, nembo na vibao ziharibiwe au zifungiwe, muandike kwenye daftari ziko kwa nani. Kipande cha filamu mkikirusha peke yake kama tangazo, jina la filamu likae kwenye picha muda wote, kwa kuwa sekunde 15 zilizokatwa za "askari" anayempiga raia zitasambaa bila maelezo, na atakayetafutwa ni aliyeonekana usoni.

Kibali kikikataliwa au kikichelewa, kuna njia mbili nyingine. Sini inaweza kuhamia ndani ya uwanja uliofungwa, mbali na macho ya umma, na hapo hoja ya kumdanganya mpita njia inapungua sana, ingawa ile ya kukutwa na vifaa inabaki. Au askari wenu awe askari kanzu: shati la kawaida, daftari, sauti ya mtu aliyezoea kuuliza. Kosa la sare linaondoka lote. La kujifanya askari halijaondoka, kwa hiyo msimtengenezee kitambulisho kinachofanana na cha kweli. Kadi tupu yenye rangi, ikipita mbele ya kamera kwa nusu sekunde, inafanya kazi hiyohiyo.